Jinsi ya kufundisha urithi na kusimulia magonjwa adimu mbele ya watu wachache

Ukiwa na watu 12 hadi 16 walioketi nusu duara, unaweza kufundisha urithi wa magonjwa kwa kina ambacho ukumbi wa watu 300 haukiruhusu. Kila mmoja atashika shanga kwa mkono wake, atauliza, na asiporidhika atauliza tena. Lakini udogo huohuo una hatari yake. Watu wachache mara nyingi wanajuana, na ugonjwa unaowapata watu wachache mno humtambulisha mwenye nao upesi kuliko hata jina lake. Tena, karibu kila mara yumo msikilizaji mmoja ambaye jambo hili limekwisha kuingia nyumbani kwake na hajamwambia mtu. Andaa kikao chote kwa ajili ya huyo. Ukimfaa yeye, wengine wote watafaidika. Ukimuumiza, hakuna mchoro mzuri wa kromosomu utakaofidia.

Chagua swali moja, halafu ugonjwa mmoja

Waandaaji wengi huharibu kikao kwa kutaka kufundisha kila kitu: DNA, kromosomu 46 zinazoibeba, jeni takriban 20,000 (vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kuujenga mwili), protini, halafu magonjwa matano mfululizo. Saa inaisha na watu wanaondoka na maneno mapya tu. Anza na swali ambalo familia huuliza kweli, kisha tafuta ugonjwa unaolijibu.

"Imekuwaje mtoto awe mgonjwa na sisi wazazi wote ni wazima?" Hili ndilo swali linaloulizwa sana, na linahitaji ugonjwa unaojitokeza pale tu mtoto anapopokea nakala mbili zilizobadilika za jeni ileile, moja kwa kila mzazi: fenilketonuria, ugonjwa wa Pompe, selimundu. "Kwa nini wanaougua ni wavulana wa ukoo wetu tu?" Hapo chukua himofilia (damu kutoganda vizuri) au distrofia ya misuli ya Duchenne (misuli kudhoofika tangu utotoni), ambazo jeni zake zimo kwenye kromosomu X, ambayo mvulana anayo moja tu. "Kwa nini kila kizazi kina mgonjwa?" Tumia ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, ambao nakala moja iliyobadilika inatosha kuuleta. Na "Hakuna hata mtu mmoja katika ukoo mwenye hali hii, imetoka wapi?" linajibiwa vizuri na akondroplasia, hali ya kuwa na kimo kifupi sana: watoto wapatao 8 kati ya 10 wenye hali hiyo huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, kwa sababu badiliko katika jeni ya FGFR3 limetokea upya.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chukua swali la kwanza. Lina hesabu rahisi, na ndilo linaloondoa lawama nyingi zaidi ndani ya ndoa.

Kuhusu neno adimu, dakika 2 zinatosha. Umoja wa Ulaya huuita ugonjwa adimu ukiwapata watu wasiozidi 5 katika kila 10,000. Marekani, kwa sheria ya 1983 kama ilivyorekebishwa 1984, kipimo ni wagonjwa wasiofika 200,000 nchini kote. Ugonjwa mmoja mmoja ni wa wachache, lakini yote kwa pamoja inakadiriwa inawahusu watu milioni 300 duniani. Taja pia kwamba uadimu hutegemea mahali: selimundu huhesabiwa adimu Marekani, ilhali katika sehemu nyingi za Afrika ni ugonjwa wa kawaida kabisa. Usipolitaja hilo, msikilizaji atajiuliza kimya kimya kwa nini ugonjwa anaouona kila siku umeuweka kwenye orodha hiyo, na atakosa kukusikiliza kwa dakika kumi.

Kuipata simulizi

Kama huna familia iliyo tayari kuzungumza, usiilazimishe. Zipo simulizi zilizo wazi kwa umma, na mojawapo inafaa sana. Nchini Norwei, mama aitwaye Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili ambao akili zao zilikuwa hazikui, na walikuwa na harufu isiyo ya kawaida. Alihangaika kwa madaktari kwa miaka bila kupata jibu. Mwaka 1934 alimfikia Asbjørn Følling, daktari aliyesomea pia kemia. Følling alidondosha kemikali iitwayo feriki kloridi kwenye mkojo wa watoto hao, na mkojo ukageuka kijani, rangi ambayo hakuitarajia. Kutokana na rangi hiyo alifuatilia mpaka akakuta kwamba mwili wa watoto haukuweza kuchakata fenilalanini, asidi amino iliyomo kwenye vyakula vya protini. Ndio ugonjwa unaoitwa leo fenilketonuria. Lishe yenye fenilalanini kidogo ilianza kutumika miaka ya mwanzo ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie akabuni kipimo cha matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ili mtoto agundulike kabla ubongo haujadhurika. Kwa watoto wawili wa Borgny, lishe ilikuja ikiwa imechelewa. Sema hivyo wazi. Simulizi isiyopambwa ndiyo inayowafanya watu waelewe kwa nini mtoto mchanga anachomwa kisiginoni ili kutoa matone hayo ya damu.

Ukipata familia iliyo tayari, fanya mazungumzo mara mbili, kwa siku tofauti. Mara ya kwanza usirekodi chochote; eleza unachokusudia, nani watasikiliza, na mwache mwenye habari aamue bila kukuona usoni. Mara ya pili rekodi, isizidi dakika 45, maana kusimulia ugonjwa wa mtoto kunachosha kuliko msikilizaji anavyodhani. Maswali matano yanatosha: Ulianza kuona nini? Nani alikuwa wa kwanza kukuamini? Siku ya kawaida ikoje tangu asubuhi? Maneno gani ya watu yalikuumiza, na yapi yalikusaidia? Ungependa wasikilizaji wafanye nini?

Swali la tatu ndilo lenye utajiri. Humo ndimo mzazi atakapokuambia kwamba dawa lazima inywewe saa kumi alfajiri, kwamba viatu vya mtoto vinakatwa nyuma ili miguu iingie, kwamba ndugu yake mdogo amejifunza kufunga mikanda ya kiti kabla ya kujifunza kusoma. Jambo dogo la namna hiyo humbakia msikilizaji. Sifa za jumla kama "familia imara" au "mtoto jasiri" hazimbakii, na tena humbebesha mgonjwa mzigo wa kuwa jasiri hata siku asiyoweza.

Andika simulizi kwa maneno 600 hivi. Ikisomwa taratibu inachukua dakika 6. Kisha irudishe kwa mwenyewe na umsomee kwa sauti, usimtumie tu karatasi. Mtu husikia kwa sikio lake sentensi asiyoitaka, ambayo jicho lingeipita. Kila anachotaka kiondoke, kiondoe, hata kama ndicho ulichokipenda zaidi.

Ridhaa iandikwe jambo kwa jambo

Saini moja chini ya karatasi yenye maneno "nakubali habari zangu zitumike" haitoshi. Weka mistari tofauti, kila mmoja na ndiyo au hapana yake: jina, sura, sauti, jina la ugonjwa, eneo anakoishi, kurekodiwa kwa kikao, kurudiwa kwa simulizi mbele ya kundi jingine, na tarehe ya mwisho wa ruhusa. Weka miezi 12, kisha uulize upya. Chini yake andika namna ya kujitoa: amwambie nani, kwa njia gani, na kwamba hatadaiwa sababu.

Habari za urithi haziwi za mtu mmoja. Mama akisema hadharani kwamba yeye ni mbebaji wa himofilia, yaani ana nakala moja iliyobadilika, amekwisha kusema jambo kuhusu dada zake na binti zake. Kwa hiyo uliza: nani mwingine yumo ndani ya simulizi hii, na je, anajua? Mzazi anaweza kutoa ridhaa kwa niaba ya mtoto mdogo, lakini mtoto anayeweza kuelewa aulizwe kwa lugha yake, na akisema hapana, iwe hapana. Akifikisha miaka 18 aulizwe tena, maana simulizi aliyosimuliwa akiwa na miaka sita inaweza kumfuata mpaka kazini.

Kuficha jina hakutoshi

Tazama sentensi hii: "Mtoto wa kiume wa miaka 7, wa pili kati ya watoto wanne wa mwalimu wa hesabu, ana ugonjwa wa Pompe na amelazwa mara tatu mwaka huu." Hakuna jina, lakini kila anayeifahamu shule hiyo amekwisha kumjua. Ipunguze: "Mtoto wa umri wa shule ya msingi anaishi na ugonjwa wa Pompe, ambao hudhoofisha misuli." Umri kamili, kazi ya mzazi, nafasi ya mtoto katika kuzaliwa na idadi ya kulazwa vimeondoka, na somo la urithi halijapoteza kitu. Pima kila simulizi hivi: ondoa jina, kisha mpe mtu mmoja anayeishi eneo lilelile (mwenye habari akiwa amekubali) na umuulize kama anahisi ni nani. Akikisia sawa, rudi ukapunguze tena.

Ukibadilisha maelezo badala ya kuyaondoa, uwe mwangalifu usiivunje sayansi. Kumgeuza mvulana kuwa msichana ni salama kwenye ugonjwa wa Pompe, lakini kwenye distrofia ya Duchenne umefundisha uongo, kwa sababu karibu wote wanaougua ugonjwa huo ni wavulana. Vivyo hivyo usibadilishe idadi ya watoto wanaougua wala uhusiano wa wazazi. Na mwanzoni mwa kikao waambie wasikilizaji kwamba baadhi ya mambo yamebadilishwa ili kuilinda familia.

Picha zina mtego wake. Sare ya shule, kitambulisho cha mkononi cha hospitali, namba ya faili mezani, mlango wa nyumba nyuma ya mtoto: kimoja tu kinatosha kumtambulisha. Simu nyingi pia huhifadhi mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo futa taarifa hizo kabla ya kuituma kwa yeyote. Kwa maoni yetu kundi dogo halihitaji picha ya mgonjwa kabisa. Picha ya kitu anachokitumia, mfano kiti chake au kalenda ya dawa zake, inafanya kazi ileile.

Shanga na vikombe

Wapo wanaofungua kikao kwa kutoa DNA kwenye tunda laini kwa maji ya chumvi, sabuni na spiriti baridi. Nyuzi nyeupe zinazoelea hupendeza macho, lakini hazijibu swali lolote la familia. Kwa dakika hizohizo, shanga zinafundisha zaidi.

Kwa watu 16, wagawe jozi 8. Kila jozi ipate vikombe viwili visivyoonyesha ndani, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Ndani ya kila kikombe weka shanga moja nyeupe, nakala ya jeni inayofanya kazi, na moja nyekundu, nakala iliyobadilika. Jumla unahitaji vikombe 16, shanga nyeupe 16 na nyekundu 16; ongeza nyeupe 8 na nyeusi 8 kwa mazoezi yatakayofuata, na chache za akiba kwa zitakazoanguka. Shanga zote ziwe na ukubwa, uzito na ulaini mmoja. Nyekundu zikiwa na mikwaruzo, vidole vitazijua na hesabu itapinda. Usitumie nyekundu na kijani, kwa sababu mwenye upofu wa rangi hatazitofautisha.

Kila jozi ni familia mbili za watoto wanne wanne. Kwa kila ujauzito, mmoja anachukua bila kutazama shanga moja kutoka kikombe cha mama na mwenzake moja kutoka cha baba. Wanachora viduara viwili kwenye kisanduku cha mtoto na kuvitia rangi walizozipata. Kisha wanarudisha shanga, wanatikisa kikombe, na kuendelea na mtoto anayefuata.

Simama karibu wakati wa kurudisha. Kosa linalotokea sana ni kuchukua mtoto wa pili bila kurudisha shanga za wa kwanza, na madhara yake ni makubwa: kikombe kina shanga mbili tu, kwa hiyo mtoto wa kwanza akitoka na nyekundu mbili, wa pili lazima atoke na nyeupe mbili. Watu watajifunza kinyume cha ukweli, yaani kwamba mtoto mmoja akishaugua "zamu" imepita. Hiyo ndiyo imani inayowafanya wazazi waseme, "Tulishapata mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama." Kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4, ule wa kwanza, wa tano, na hata ule unaofuata baada ya mtoto anayeugua.

Mkimaliza mna watoto 64. Andika matokeo ya kila jozi ubaoni, familia kwa familia. Wenye shanga mbili nyekundu wanatarajiwa kuwa 16 hivi, ila usishtuke wakiwa 11 au 21. Chochote kati ya 9 na 23 ni kawaida kwa idadi hii. Usiyarekebishe matokeo ili yakae vizuri. Sasa hesabu familia. Kati ya 16, karibu 5 hazitakuwa na mtoto yeyote anayeugua, 7 zitakuwa na mmoja, 3 zitakuwa na wawili, na huenda moja ikawa na watatu. Waulize familia zile 5 wangesema nini kuhusu ukoo wao. Wangesema hawana ugonjwa wowote, na wazazi wao wote wawili ni wabebaji.

Usiache ubao kabla ya kuhesabu jambo moja zaidi: miongoni mwa watoto wasiougua, wangapi wana shanga moja nyekundu? Watakaribia wawili katika kila watatu. Ndilo jibu la kaka au dada mzima anayejiuliza kama naye anabeba.

Kwa ugonjwa wa Huntington, kikombe cha mzazi mmoja kina nyeupe na nyekundu, cha mwingine nyeupe mbili, na nyekundu moja inatosha. Nusu ya watoto hurithi. Kwa himofilia, kikombe cha mama kina nyeupe na nyekundu, cha baba nyeupe na nyeusi, nyeusi ikiwa kromosomu Y. Mtoto mwenye nyeusi ni mvulana, na akipata nyekundu ya mama anaugua. Msichana mwenye nyekundu moja ni mbebaji, ila usiseme kwamba yeye hawezi kuwa na dalili: wabebaji wengine wa himofilia hutokwa damu kuliko kawaida, hasa wakati wa hedhi na wa kujifungua, na wamekuwa wakipuuzwa kwa sababu ya sentensi hiyo. Fanya zoezi moja la ziada, si yote mawili.

Badiliko jipya halichezeki kwa vikombe. Lieleze kwa maneno: wakati yai, mbegu ya kiume au kiinitete kinapotengenezwa, DNA inanakiliwa, na katika herufi takriban bilioni 3 hutokea zikabadilika chache. Karibu theluthi moja ya wavulana wenye distrofia ya Duchenne wana badiliko ambalo mama yao hana kwenye damu yake. Hata hivyo usiwahakikishie wazazi kwamba halitarudi, maana badiliko linaweza kuwamo kwenye baadhi ya mayai au mbegu za mzazi bila kuonekana kwenye damu.

Mambo ya kuepuka ubaoni

Zoezi la kukunja ulimi au kutazama ncha ya sikio liache kabisa. Kukunja ulimi kulifundishwa kama tabia ya jeni moja tangu 1940, na mwaka 1952 Philip Matlock akaonyesha kwamba katika jozi 33 za mapacha wanaofanana, jozi 7 zilikuwa na mmoja anayeweza na mwingine asiyeweza. Bado linarudiwa madarasani, na mtoto hurudi nyumbani akijiuliza kama baba yake ni baba yake. Kwa sababu hiyohiyo usilinganishe makundi ya damu ya wazazi na watoto waliomo kikaoni.

Usichore ukoo wa mshiriki ubaoni, hata akiomba. Mchoro wa ukoo hufichua mimba zilizoharibika, ndoa zilizofichwa na baba asiye baba. Tumia familia ya kubuni na useme ni ya kubuni.

Katika usemi wako sema "badiliko la jeni" na "mtu anayeishi na", acha "jeni mbovu" na "mtoto mwenye kasoro". Asilimia zitaje pamoja na hesabu ya watu: "asilimia 25, yaani mtoto 1 kati ya 4 katika kila ujauzito." Na kila unapotaja hatari, taja na upande wa pili: 3 kati ya 4 hawaugui.

Mgeni anaposimulia mwenyewe

Mwache akae, asisimame mbele peke yake. Awe na mtu wake wa karibu. Kubalianeni ishara ya kusimamisha, mfano kuweka mkono juu ya meza, na orodha ya maswali asiyotaka: mara nyingi ni umri ambao mtoto anatarajiwa kuishi, gharama za matibabu, na kama watazaa tena. Msikilizaji akiuliza mojawapo, jibu wewe haraka: "Swali hilo tutalijibu kwa ujumla, si kwa maisha ya mgeni wetu." Usimwekee nafasi ya mwisho. Akimaliza kusimulia, pawe na angalau dakika 30 za kazi nyingine kabla watu hawajatawanyika, ili asiondoke na uzito wake mlangoni.

Kwa dakika 75, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: dakika 5 za kukaribisha na kusema kanuni, 10 za swali la siku na ufafanuzi mfupi wa jeni, 10 za simulizi, 25 za shanga, 20 za maswali, 5 za kuonyesha pa kupata msaada. Kanuni ziwe tatu: hakuna kurekodi, hakuna kulazimishwa kusema, na habari za watu zibaki humu ndani. Usichanganye mchango wa fedha na kikao cha elimu. Kikapu kikipita, simulizi hugeuka ombi, na mgonjwa hugeuka sababu ya ombi.

Maswali yatakayokuja

Gawa vikaratasi na kalamu mapema. Maswali mazito hayaulizwi kwa mdomo mbele ya majirani.

"Ni kosa la upande wa nani?" Kwa ugonjwa wa nakala mbili, jibu liko kwenye vikombe: bila shanga ya mama na ya baba hakuna ugonjwa, na hakuna aliyechagua shanga. Kwa ugonjwa wa kromosomu X, mara nyingi mama ndiye anayempitishia mvulana, lakini hakuna alichokula, alichobeba wala alichofanya akiwa mjamzito kilicholeta hilo. Sema sentensi hiyo polepole. Huenda ndiyo iliyomleta mtu.

"Ni laana?" Usicheke wala usibishane na imani ya mtu. Eleza badiliko liko wapi, linapitaje, na kwamba hupatikana katika watu wa kila dini na kila hali. Ongeza kwamba kila mmoja wetu chumbani anabeba mabadiliko kadhaa ya namna hiyo bila kujua.

"Kuoana kwa binamu je?" Toa namba zote mbili. Kwa wazazi wasio ndugu, watoto kama 3 kati ya 100 huzaliwa na tatizo kubwa la kiafya. Kwa mabinamu wa kwanza ni kama 6 kati ya 100. Hatari imeongezeka karibu mara mbili, na bado watoto wapatao 94 hawana tatizo hilo. Wenye ugonjwa unaojulikana katika ukoo wao hawahesabiwi kwa wastani huu. Wanahitaji mshauri wa jenetiki, yaani mtaalamu anayeshauri familia kuhusu magonjwa ya kurithi.

"Majibu yangu haya yanamaanisha nini?" Atakunyooshea karatasi au simu yenye majibu ya kipimo cha jeni. Usisome. Maabara hupanga mabadiliko katika madaraja matano, kuanzia lisilo na madhara hadi linalosababisha ugonjwa, na daraja la katikati ni la badiliko ambalo maana yake bado haijajulikana. Watu wengi hulichukua hilo la katikati kama ugonjwa, na wengine hufanya maamuzi ya uzazi kwa sababu yake. Mwambie kwamba daraja hilo peke yake si utambuzi wa ugonjwa, kwamba linaweza kubadilishwa baadaye, na kwamba karatasi isomwe na aliyeagiza kipimo au mshauri wa jenetiki.

"Nimpime mtoto wangu mzima?" Kwa magonjwa yanayoanza utu uzimani na yasiyo na la kufanya utotoni, kama Huntington, miongozo ya kitaalamu hushauri kusubiri mtoto akue aamue mwenyewe. Kwa magonjwa yanayotibika mapema, jibu ni tofauti. Usitoe jibu moja kwa yote.

"Tiba ipo?" Inakadiriwa kwamba magonjwa adimu 95 kati ya 100 hayana tiba iliyoidhinishwa. Tiba za jeni zipo kwa machache: ya kudhoofika kwa misuli kunakotokana na uti wa mgongo iliidhinishwa Marekani 2019, na ya selimundu inayohariri jeni iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023. Zitaje pamoja na ukweli kwamba wanaozifikia ni wachache mno. Kisha sema kinachofanyika leo bila hizo: mazoezi ya viungo, lishe, chanjo, vifaa vya kupumulia, dawa za maumivu. Mzazi aliyesikia tu kuhusu tiba asiyoweza kuifikia huondoka akiwa na hali mbaya kuliko alivyokuja.

Kabla na baada

Andaa karatasi moja ya kuondoka nayo: swali la siku, jibu lake kwa sentensi tatu, mchoro wa vikombe viwili, na mahali pa kupata ushauri. Namba zote uzipigie wewe mwenyewe wiki hiyo. Namba isiyopokelewa humkatisha tamaa mtu aliyejikaza siku nyingi kabla ya kupiga. Maelezo ya kitaalamu yasomwe na daktari au mshauri wa jenetiki kabla hujayachapa. Ukitaka siku yenye kuvuta watu, Siku ya Magonjwa Adimu huadhimishwa siku ya mwisho ya Februari tangu 2008, ila kundi lililokutana mwezi mwingine wowote hujifunza vilevile.

Mwishoni uliza swali moja la kupima, kwa kunyoosha vidole macho yakiwa yamefumbwa: "Wazazi wabebaji wana mtoto mmoja anayeugua. Uwezekano wa anayefuata kuugua ni 0, 1 kati ya 4, au 4 kati ya 4?" Wakikosea zaidi ya wanne kati ya 16, zoezi la shanga lilikwenda haraka, au kuna jozi haikurudisha shanga.

Kesho yake mpigie simu aliyetoa simulizi. Mwambie ilipokelewaje, mwache aulize, na umsikilize kama kuna lililomkera. Ukigundua ulisema jambo lisilo sahihi, watumie washiriki wote masahihisho kwa sentensi moja iliyo wazi, ndani ya wiki hiyo. Futa sauti ulizorekodi pindi simulizi iliyoandikwa inapokubaliwa, na vikaratasi vya maswali uvichane, kwa sababu mwandiko hutambulika. Karatasi za ridhaa zikae mahali panapofungwa, na ufunguo uwe na mtu mmoja. Mwenye simulizi akitaka iondolewe, iwe baada ya wiki moja au miaka mitatu, iondoe siku hiyohiyo, wajulishe wote uliowapa nakala waifute, kisha umrudishie ujumbe kwamba imekwisha kuondoka.